Konyezo la Mwashi

"Mbona kalamu imesimama?" aliuliza Mwalimu Alderson.

"Nachovya wino, baba."

Hakuwa akichovya wino. Thirza Alderson alikuwa ametumbulia macho dirisha, kule njia ya kijiji inapopinda kutoka kanisani. Pale, saa kumi ikigonga, angetokea mwanamume mwenye mabega ya kujaza mlango na vumbi la mawe ambalo halikuwahi kumtoka nyweleni hata Jumapili. Reuben Calvert, mwashi wa mawe. Majuma kumi na moja alikuwa kijijini akijenga upya ukuta wa kanisa uliokuwa umetoa kitambi, na kesho kutwa, Jumanne, basi la asubuhi lingempeleka kusini kwenye kazi ya miaka mitatu katika kanisa kuu. Alimwambia Thirza kwamba mnara wa huko ni mrefu kiasi kwamba njiwa wa juu huzaliwa na kuzeeka bila kusikia kuwa kuna kitu kinachoitwa ardhi.

Leo alikuwa anakuja kumwomba Mwalimu binti yake. Kama angekubaliwa, Thirza angekuwa mchumba wa mtu. Kama angekataliwa, basi lingeondoka na moyo wake kama furushi lililosahauliwa kwenye kiti cha nyuma, kwa sababu Thirza alikuwa ameapa hataondoka nyumba ile bila baraka. Angewezaje? Yeye ndiye aliyekuwa macho ya baba yake.

Mwalimu alifundisha shule ya kijiji hicho cha bonde la Swaledale, kaskazini mwa Uingereza, miaka arobaini na mitatu. Mingine ishirini na miwili aliitumia kuokota maneno ya watu wa bonde hilo kama wengine wanavyookota mayai: neno hili kwa mchunga kondoo, lile kwa bibi anayekamua maziwa, yote yakaandikwa kwenye kadi za kamusi yake na kupangwa katika maboksi ya viatu. Maboksi yalifika arobaini na moja. Wageni waliokwenda pale walidhani mzee ana miguu themanini na miwili. Lakini miaka mitano iliyopita ukungu ulimshukia machoni, akabaki anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha anayepita. Tangu hapo yeye husema, Thirza huandika, na mlio wa ile kalamu kwenye kadi ndio uliomwambia mzee kila kitu kuhusu binti yake. Ikikwaruza mbio, amefurahi. Ikiburuta, amechoka. Ikisimama, kuna jambo.

Walikuwa wamefika herufi ya W. Alhamisi waliandika *wince*, lile la mtu kusinyaa anapoguswa penye kidonda. Ijumaa ikawa *winch*, ambayo ni winchi ile ile ya kunyanyulia mizigo. Upepo, yaani *wind*, ulikula Jumamosi nzima, na ulistahili, maana siku hizo ulivuma hivi kwamba ukimsalimia mtu mlangoni kwako, wa nyumba ya tatu ndiye aliyeitikia.

Sasa ilikuwa zamu ya *wink*.

"Neno moja, kazi nne," alisema Mwalimu, akakunja vidole kama mtu anayejiandaa kukanda unga. "Andika. Ya kwanza kwa umri: kufumba macho. Yote mawili, Thirza, upigie mstari. Wazee wa miaka elfu moja iliyopita wakisema neno hili, walimaanisha macho mawili."

Kalamu ikakwaruza.

"Ya pili: lepe la usingizi. Mfano?"

"'Ndama alilia, sikupata hata wink moja.' Tulilichukua kwa mama Harker."

"Vizuri. Ya tatu: kulifumbia macho kosa la mtu, uone na usione. Mfano?"

"Hatuna, baba. Hakuna aliyewahi kutupa."

"Hapa kijijini? Sishangai. Acha nafasi. Ya nne, ya mwisho na ya hovyo: kukonyeza."

Kalamu ilisita kidogo tu. Mzee aliinua uso.

"Ya hovyo kwa nini, baba?"

"Kwa sababu kuna mwanamume anaitumia ndani ya nyumba ya Mungu. Shangazi yako ameniambia yote."

Shangazi Hephzibah, ambaye kijiji kizima kilimwita Hepsy, alikuwa jikoni akikata keki ya matunda na kuiwekea vipande vya jibini. Aliposikia anatajwa alitokea na kisu mkononi, maana hakupenda habari yake isimuliwe na mtu mwingine.

"Nimeona kwa macho yangu! Mhubiri yuko katikati ya ziwa la moto, watu wanatetemeka, na yule mwashi wenu, kope la kushoto, pwii! Kwako wewe Thirza. Nikasema labda inzi. Mara kwa mke wa mhubiri, pwii! Halafu, ndugu yangu Septimus, akanigeukia mimi. Mimi! Mara mbili!"

"Mara mbili," alirudia Mwalimu kwa sauti ya hakimu.

"Mwanamke wa miaka sabini na moja! Nilijifunika na kitabu cha nyimbo."

"Na ulifanya nini baada ya hapo?"

"Nilichungulia kama ataongeza ya tatu."

Thirza aliinama kwenye kadi yake ili uso usionekane. Konyezo lile! Laiti wangejua. Jumapili ya kwanza ya Reuben kijijini, Thirza alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja na alikuwa amekwisha kukubali moyoni kwamba maisha yake ni maboksi ya viatu. Ndipo mgeni yule, kutoka safu ya pili, akageuka, akamtazama kwa macho ya rangi ya maji ya mtoni, na jicho moja likafumba na kufumbua. Taratibu. Kwake yeye. Hakuna mwanamume aliyewahi kumkonyeza Thirza Alderson, binti wa Mwalimu. Joto lilimpanda kutoka nyayo hadi masikioni. Kesho yake alimpelekea chai pale ukutani, na keshokutwa yake pia, akasimama kumtazama akizungusha mpini wa winchi, jiwe zito kama ng'ombe likipaa polepole, na yeye akilipokea kwa viganja viwili kana kwamba ni mtoto mchanga. Hakulitupa jiwe hata moja. Alilisikiliza kwanza kwa kuligonga, kisha akalilaza mahali ambapo ungedhani lilizaliwa hapo. Thirza aliwaza: mtu anayeheshimu jiwe namna hii, mke je, atamtunzaje?

Yote hayo kwa sababu ya konyezo moja. Hakuwahi kumwambia.

Saa ikagonga kumi. Mlango nao ukagongwa.

"Huyo," alisema Hepsy. "Hata kubisha kwake kuna kukonyeza ndani yake."

Reuben aliingia ameinama ili asivunje kizingiti. Alikuwa amevaa suti ya marehemu mjomba wake, mikono ikaishia juu kidogo ya vifundo. Kofia aliishika mbele yake kama sahani.

"Habari za mchana, Mwalimu. Habari, mama."

"Usinisalimie na jicho hilo," alisema Hepsy.

"Kaa, bwana Calvert," alisema Mwalimu. "Upande huu, wenye mwanga, nikuone walau kivuli. Najua kilichokuleta. Kabla hujafungua mdomo nitakuuliza swali moja. Ulimkonyeza binti yangu kanisani?"

Nje upepo ulivuta paa, ukaliacha, ukalivuta tena.

"Hapana, Mwalimu," alisema Reuben.

"Hapana?"

"Sijawahi kumkonyeza binti yako hata siku moja."

"Mwongo!" Hepsy aliruka na kisu chake. "Septimus, linashuka sasa hivi! Pwii! Mbele ya keki!"

Reuben alishika kope lake la kushoto kwa kidole, akalipandisha kama mtu anavyopandisha pazia bovu.

"Hili si langu," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, machimboni. Kipande cha jiwe kiliruka kutoka kwenye patasi kikanikata hapa. Jicho lilipona, kope halikupona. Tangu hapo linaanguka linapotaka. Nikichoka. Upepo ukinipiga. Nikitazama kitu kinachong'aa. Nimeshamkonyeza askofu, mama. Nimekonyeza kondoo. Kuna jeneza moja la watu wa kijiji cha Reeth, wenyewe hawajanisamehe mpaka leo. Nilidhani kila mtu anajua. Waashi wote wanajua."

"Mimi je?" alidai Hepsy. "Mimi mara mbili!"

"Ni ile kofia yako, mama. Yenye shanga za kioo."

Hepsy alikaa chini. Haikujulikana kama amefurahi kusafishwa jina au amehuzunika kunyang'anywa kitu. Nadhani yote mawili.

Lakini hakuna aliyekuwa akimtazama Thirza, na aliyekuwa akimsikiliza ni mmoja tu.

Mzee Alderson alisikia kalamu ikigusa meza, ikabiringika, ikaanguka sakafuni. Haikuokotwa.

Thirza alikuwa amesimama dirishani, ameupa mgongo ule ukumbi mdogo. *Sijawahi kumkonyeza binti yako hata siku moja.* Basi hapakuwa na kitu. Majuma kumi na moja alikuwa amejenga nyumba juu ya kipande cha jiwe kilichoruka machimboni miaka kumi na miwili iliyopita. Alitamani kucheka, akaona akicheka atalia. Chai zile zote! Alimpelekea chai mtu ambaye hakuwa amemwita.

"Thirza?" sauti ya Reuben ilikuwa ya chini. "Nimesema nini kibaya?"

"Hujasema kibaya. Umesema kweli."

"Sasa mbona umenipa kisogo?"

"Kwa sababu nilidhani ulinikonyeza!" Aligeuka, na machozi yalikuwa tayari pembeni. "Ile Jumapili ya kwanza. Nilidhani umenichagua mimi kati ya watu wote. Nikaja na chai kama mjinga. Kumbe umekonyeza na majeneza!"

Mikono ya Reuben iliyoweza kulaza jiwe la uzito wa ng'ombe ilikuwa ikiikunjakunja kofia.

Mwalimu Alderson angeweza kunyamaza wakati huo, na binti yake angebaki naye. Alilijua hilo vizuri. Ningekuwa mimi, mwenye maboksi arobaini na moja na macho yenye ukungu, sina hakika ningefungua kinywa. Alikaa akisikiliza mahali ambapo sauti ya kalamu ilipaswa kuwa. Alisikia upepo, na ndani ya upepo, mbali juu ya malisho, mlio mwingine.

"Wale ndege wa kishungi wamerudi," alisema. "Unawaona, Thirza?"

"Nawaona, baba." Alifuta shavu. Juu ya kuta za malisho, ndege weusi kwa weupe walikuwa wakipanda, wakijitupa kama vitambaa vilivyoachiwa, wakijiokota karibu kabisa na majani.

"Wanayumba?"

"Wanayumba. Kama walevi."

"Jina lao la kitabuni ni *lapwing*. Kila mwanafunzi wangu alidhani ile sehemu ya mwisho, *wing*, ni bawa. Wanafunzi wa miaka arobaini na mitatu, na wote wamekosea. Wazee walimwita 'mrukaji anayeyumba', na huko kuyumba ndiyo hii hii *wink* yetu. Winchi nayo ni damu moja nayo, ndiyo maana inazunguka. Hata *wince* ya Alhamisi, mtu anavyojipinda akiguswa kidonda. Neno hili, mwanangu, lilikuwa likipinda na kuyumba muda mrefu kabla halijapata jicho la kukalia. Ujanja liliufundishwa baadaye. Nimesema kukonyeza ni maana ya hovyo. Nilisema kwa hasira. Kuna siku nitakuambia mama yako alinipataje. Bwana Calvert!"

"Naam, Mwalimu."

"Umesema linaanguka ukitazama kitu kinachong'aa."

"Ndiyo."

"Jumapili ile ya kwanza kulikuwa na jua?"

Reuben alifikiri, kwa uaminifu, kama mtu anayepima jiwe. "Ilikuwa mvua, Mwalimu. Kanisani giza, taa mbili zimezima."

"Na binti yangu alikuwa amevaa shanga za kioo?"

"Alikuwa amevaa koti la kijivu." Akamgeukia Thirza. "Lenye kifungo kimoja kilichoshonwa kwa uzi mwingine."

Moyo wa Thirza ulipiga pigo moja, kisha ukasahau la pili.

"Basi nieleze," alisema mzee, "ulitazama nini."

Reuben alivuka ukumbi kwa hatua tatu, akasimama mbele ya Thirza, karibu kiasi kwamba Thirza alinusa vumbi la mawe lililokataa kuisha.

"Kope la kushoto ni la machimbo," alisema. "Siwezi kukuahidi chochote kwa niaba yake. Litakonyeza wanawake mpaka nitakapozikwa. La kulia ni langu mwenyewe. Hili halijawahi kumfungia mtu. Angalia."

Akafumba jicho la kulia.

Alilifumba polepole, kwa makusudi, kama anavyoshusha jiwe la mwisho la tao. Na kwa kuwa alikuwa akimtazama Thirza alipolifumba, na uso wa Thirza wakati huo ulikuwa uking'aa kuliko kofia zote za Hepsy, kope la kushoto nalo likaanguka. Akabaki amesimama mbele yake, jitu zima lenye mikono mifupi ya suti, kipofu, akisubiri.

"Amefanya nini?" alinong'ona mzee. "Hepsy, amefanya nini?"

"Alitaka kumkonyeza, mshamba huyu, amefumba yote mawili," alisema Hepsy. "Kama mtu anayesali."

Mwalimu Alderson alivuta pumzi kama mtu aliyeonjeshwa kitu alichokila mara ya mwisho utotoni.

"Maana ya kwanza," alisema. "Hajui kusoma hata nusu ya kadi zangu, na amenipa maana ya kwanza."

"Nifumbue?" aliuliza Reuben.

"Subiri," alisema Thirza. Alitaka kumtazama hivyo kidogo. Hakuna aliyewahi kumpa uso wake autazame bila kumtazama yeye. Aliona kovu dogo lenye umbo la kucha juu ya kope, aliona nyusi zenye unga wa mawe, na aliona kwamba mtu huyu anaogopa. Akainua mkono, akaligusa lile kovu kwa ncha ya kidole, na mwili wote wa Reuben ukasinyaa kidogo, ile *wince* ya Alhamisi, kisha ukatulia.

"Sasa fumbua."

Akafumbua. Moja lilitii.

"Mwalimu," alisema Reuben, bado anamtazama Thirza, "nimekuja kukuomba binti yako. Najua ni macho yako. Sitamchukua kabla ya Z. Jumanne natangulia. Atakuja kamusi ikiisha, na kila likizo nitamrudisha akusomee makosa ya wachapaji."

"Kumebaki nini baada ya W?" aliuliza mzee, kama hajui.

"X haina kitu," alisema Thirza. "Y ina boksi moja. Z maneno matatu."

"Manne, huenda."

"Septimus," alisema Hepsy, "ukianza kubuni maneno ya Z ili umcheleweshe mtoto, nitakukonyeza kwa mwiko."

"Na wewe, Hepsy, uliyaonaje ya kanisani? Kila mhubiri akifika ziwa la moto wewe unakoroma."

"Nilikuwa nimefumba macho tu! Sikulala!"

"Basi na wewe ulikuwa ukikonyeza. Kwa Kiingereza cha kale mmekonyezana, wewe na bwana Calvert, mbele ya kanisa zima." Mzee alicheka mpaka kadi zikatikisika mezani, na Thirza alikumbuka kwamba hajamsikia akicheka hivyo tangu ukungu ushuke. Kisha akaacha. Alinyosha mkono hewani, ukatafuta, ukapata mkono wa binti yake, wenye wino mkavu.

"Kuna kadi tuliiacha wazi," alisema. "Maana ya tatu. Haikuwa na mfano."

"Kulifumbia macho kosa la mtu."

"Chukua kalamu."

"Imeanguka, baba. Nayo siwezi." Na kweli hakuweza, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa kwa baba yake, na wa pili haukujulikana ulifikaje kwenye kiganja cha Reuben.

"Hepsy, andika wewe."

"Mimi? Sijui hata kuandika jina langu bila kuuliza!"

"Lina herufi nyingi, ndiyo. Maneno ninayokupa ni mepesi. Utaandika na Y na Z, Thirza akishaondoka, kwa hiyo anza kujizoeza." Mzee Alderson alikaa sawasawa, uso akaugeuza upande wa mwanga, ambako vivuli viwili vilikuwa vimesogeleana mpaka vikawa kimoja. Kivuli hicho alikiona vizuri kabisa. Ndipo, taratibu, akafumba macho yake yote mawili.

"Andika hivi," alisema. "'Kijana alimbusu binti ukumbini, mchana kweupe, na baba yake alikuwepo.'"

Hepsy aliokota kalamu, akalamba ncha yake, akainama. Baada ya muda ikaanza kusikika, kwanza ikiburuta, kisha ikikwaruza mbio.